Kazi ya mikono: Ufunguo uliopotea na kishikio kipya cha fundi



Juma hili kazi ya mikono si ya sindano wala ya sufuria. Ni kazi ya fundi wa funguo, yule anayekaa kando ya soko na meza yake ndogo, tupa zake mbele yake, na funguo mbichi zimetundikwa kwenye waya. Wengi wetu tunamkumbuka siku moja tu: siku tumesimama nje ya mlango, mtoto mgongoni, na ufunguo haupo. Lakini safari hii tulimhitaji kwa jambo kubwa kuliko mlango.

Kundi moja la wamama hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, lilikuwa limebakiza majuma mawili kufika siku ya kugawana. Mnajua siku hiyo ni nini. Mwaka mzima mama anauza unga, mboga, ndakala, makala. Kila juma analeta hisa zake, muhuri unagongwa ndani ya kijitabu, na siku ya kugawana ndipo atalipa masomo ya watoto ao kuongeza bidhaa. Basi katika mkutano, wakati sanduku limekwisha kuwekwa mezani, mama mmoja kati ya watunza funguo watatu alisimama, akasema kwa sauti ndogo: "Wamama, nisameheni. Ufunguo wangu siuoni. Nimetafuta siku tatu."

Watu wakanyamaza. Halafu minong'ono ikaanza.

Kwa wale ambao hawajaingia katika AVEC, nieleze kidogo. Desturi hii ya kuweka akiba na kukopeshana ilianza mwaka 1991 katika nchi ya Niger, kati ya wanawake wa kijijini, kwa usaidizi wa shirika CARE. Tangu hapo imefika nchi nyingi za Afrika, na kwetu imekaa jirani na likelemba tuliyoizoea. Tofauti ni kwamba katika likelemba feza inapita mkononi kwa mama mmoja mmoja, lakini katika AVEC feza inalala ndani ya sanduku la chuma. Sanduku lina kadena tatu, na funguo zake zinakaa kwa wamama watatu ambao si viongozi wa kundi. Mama mwenye kulala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Hivi hakuna mtu anayeweza kufungua peke yake, hata mwenyekiti.

Kwa hiyo ufunguo ukipotea, si chuma tu kilichopotea. Watu wanaanza kuulizana: umepotea kweli, ao umepewa mtu? Mama yule alikuwa mwuzaji wa mboga, mjane, mwenye jina zuri katika avenyu yake. Nilimwona akishika kitambaa chake kwa mikono miwili, macho chini. Jina la mama mjane likichafuka, nani atamkopesha tena?

Swali la kwanza lilikuwa lile ambalo hata ninyi mnauliza: na ufunguo wa akiba? Kadena nyingi zinauzwa na funguo mbili ao tatu. Jibu lilituaibisha sote. Ufunguo wa akiba ulipewa sekretere wa zamani "autunze kidogo". Sekretere alihamia Kolwezi, na alipopigiwa simu, hakukumbuka ameuweka wapi. Hakuna aliyeandika chochote.

Swali la pili lilitoka kwa mume wa mama mmoja, aliyekuwa amesimama mlangoni: "Juu ya nini msikate? Leteni msumeno, dakika kumi kazi imekwisha."

Walijaribu. Lakini upinde wa kadena ile ulikuwa wa chuma kilichotiwa ugumu, na msumeno uliteleza juu yake kama kisu juu ya jiwe. Mashine ya kukatia chuma inahitaji umeme, na siku ile umeme haukuwapo. Ilibaki njia moja: kukata sikio la sanduku lenyewe, yaani ile pete ya chuma ambayo kadena inapita. Hiyo ingekatika, lakini baadaye sanduku lingehitaji kuchomelewa upya, na cheche za kuchomelea si rafiki wa noti na vijitabu. Ndipo mwenyekiti akasema: "Tumwite papa fundi kwanza."

Fundi alikuja kesho yake, Jumapili baada ya ibada. Kabla ya kugusa kitu, aliuliza maswali mawili. Sanduku ni la nani? Na wako wapi wenye funguo zingine mbili? Aliposikia kwamba mmoja hajafika, alikataa kuanza. Alikaa kwenye kiti akasubiri karibu saa nzima. Wengine walikasirika, lakini mimi nilimheshimu. Fundi asiyeuliza swali kwako leo, hatauliza kwa mwizi kesho.

Sasa tuingie ndani ya kadena, maana kazi yenyewe inapendeza kuijua.

Ndani ya kadena ya kawaida kuna kijipipa kidogo kinachozunguka, pale unapoingiza ufunguo. Juu yake wamesimama vijiti vidogo katika mstari, vinne ao vitano. Kila kijiti kimekatwa vipande viwili, na springi ndogo inakisukuma chini. Fikirini watoto wa urefu mbalimbali wanaopigwa picha, na kila mmoja amewekewa ubao wake chini ya miguu hadi vichwa vyote vifike mstari mmoja. Meno ya ufunguo ni zile mbao. Kila jino linainua kijiti chake kwa urefu wake. Pale mikato yote inapofika mstari mmoja, kijipipa kinazunguka na kadena inafunguka. Kijiti kimoja kikizidi juu ao kikibaki chini, hata kwa unene wa karatasi, haifunguki. Wazo la vijiti ni la kale sana: Misri ya zamani walikuwa na makufuli ya mbao yenye vijiti vinavyoanguka kwa uzito wake. Mmarekani Linus Yale mdogo ndiye aliyeliweka vizuri ndani ya chuma kidogo, kwa hataza zake za mwaka 1861 na 1865, na ufunguo bapa tunaoutumia leo unatoka kwake.

Fundi anaweza kutengeneza ufunguo bila kuwa na ule wa kwanza. Anachukua ufunguo mbichi, usio na meno. Anauingiza na kuuzungusha kwa nguvu kidogo, kisha anautikisa juu na chini. Kijiti ambacho hakijafika mahali pake kinabanwa, na kwa kubanwa kinauma shaba na kuacha alama ndogo kama tundu la sindano. Fundi anatoa ufunguo, anatafuta alama kwenye mwangaza, anakwangua kwa tupa mahali pale tu, anarudisha tena. Kijiti kikifika urefu wake hakibanwi tena, na hakiachi alama. Hivyo anaendelea, alama kwa alama, hadi kadena yenyewe ikubali. Ni kama kuonja mchuzi: kadena inakuambia inachokosa, ila inasema kwa sauti ndogo sana.

Ufunguo mbichi umetengenezwa kwa shaba ya njano, ile mafundi wanaita letoni. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, vitu viwili ambavyo ardhi yetu ya Katanga inatoa. Zinki inachimbwa hapa jirani Kipushi. Shaba hii ni laini ya kutosha kupokea alama, lakini ulaini huo ndio pia hatari yake, kama mtakavyoona.

Kwa miaka mingi fundi wetu alifanya kazi hii kwa koleo na tupa ya kawaida. Koleo inashika kichwa cha ufunguo kwa upande, ufunguo unalala kidogo, mkono unachoka, na alama zinaangukia pembeni. Tupa ya kawaida nayo ina meno makubwa. Inaacha mikwaruzo mingi, na ndani ya mikwaruzo alama ndogo haionekani, kama vile huwezi kuona doa jipya kwenye kitambaa chenye madoa.

Mwaka huu alijaribu vyombo vilivyoboreshwa. Cha kwanza ni kishikio cha chuma ambacho alikitengeneza mwenyewe kwa kufuata vile vya mafundi wa Ulaya: mpini wa mviringo, na mwishoni taya mbili zinazobanwa kwa skrubu. Ufunguo mbichi unakaa katikati kabisa, umenyooka na mpini. Huuondoi kwenye kishikio hadi mwisho wa kazi. Unautazama, unaukwangua na kuurudisha ukiwa umeshikwa vilevile. Cha pili ni tupa ndogo yenye meno laini sana. Tupa za namna hiyo zinahesabiwa kwa namba, na namba ikipanda meno yanakuwa laini zaidi. Yake ni namba 4, ililetwa na dereva wa lori kutoka Afrika Kusini. Inaacha shaba laini na yenye rangi moja, na alama inaonekana juu yake kama nukta ya kalamu.

Nilimwuliza kama aliamini vitu hivyo siku ya kwanza. Alicheka. "Mama, siku ya kwanza nilivunja funguo mbili." Kishikio kirefu kinaongeza nguvu ya mkono bila wewe kujua. Kwa koleo, mkono wake ulikuwa unateleza kabla shaba haijavunjika. Kwa kishikio kipya hakuna kuteleza, basi shaba ndiyo iliyoachia, shingo ya ufunguo ikajipinda na kukatika ndani ya kadena. Ilikuwa kadena yake mwenyewe ya mazoezi, kwa bahati. Akachukua msumeno na kukata mpini hadi ukabaki urefu wa kiganja. "Chombo kipya nacho kinahitaji kukwanguliwa," aliniambia.

Tupa laini nayo ina tabia zake. Unga wa shaba unajaa kati ya meno, na ikijaa haikati tena. Lazima kuipaka chaki kabla ya kazi na kuisafisha kwa brosi ya waya mwembamba. Tena haikubali kugusa chuma kigumu: mtu akiiazima ili kunoa kisu, imekufa. Na bei yake ni ya tupa kadhaa za kawaida. Kwa hiyo hakuitupa ile ya zamani. Akichonga ufunguo wa kawaida kwa kuiga mwingine, anaanza na tupa kubwa na kumaliza na laini. Ile laini peke yake anaiweka kwa kazi ya kusoma alama.

Basi tulimzunguka, wamama zaidi ya ishirini, na mtoto mmoja akashika tochi ya simu. Walikuwa wamepatana hivi: akishindwa kwa saa moja na nusu, sikio la sanduku litakatwa na yeye hatalipwa kitu.

Dakika za kwanza hakukuwa na la kuona. Anaingiza, anabana, anatikisa, anatoa, anatazama. Kisha akatuonyesha: nukta mbili, ndogo sana, kwenye shaba. Mama wa mboga aliinama akaziona, na nilisikia akivuta pumzi. Fundi akakwangua mara tatu, akarudisha. Nukta moja ikabaki, nyingine ikaonekana mahali pengine. Tulianza kuhesabu pamoja naye.

Karibu na nusu saa alikosea. Mahali pa tatu alikwangua mara moja zaidi. Hakutuficha. Aliinua ufunguo akasema: "Hapa nimeshuka sana. Shaba iliyotoka hairudi." Minong'ono ikaanza tena, na mume yule wa mlangoni akasema aliwaambia. Fundi hakujibu. Alitoa ufunguo mbichi wa pili na kuuchonga kwa kuiga ule wa kwanza, jino kwa jino, ila pale pa tatu akaacha juu kidogo. Kisha akaendelea kutoka pale. Hapo nilielewa faida ya tupa laini: kwa tupa kubwa kosa lingekuja mapema zaidi, na mara nyingi zaidi. Chombo kizuri hakiondoi makosa, ila kinayafanya kuwa madogo kiasi cha kurekebishika.

Ilipofika saa moja na dakika kumi hivi, kadena ilisema "tak" na upinde ukaruka. Wamama wakapiga vigelegele. Mama wa mboga hakupiga. Alibaki akitazama sanduku, kwa sababu kwake kazi haikuwa imekwisha. Bado kuhesabu.

Wenye funguo zingine wakafungua kadena zao. Sekretere akasoma hesabu ya mkutano uliopita kwa sauti, mara mbili. Wahesabu wawili wakatoa noti na kuzihesabu mbele ya wote: mfuko wa akiba kwanza, kisha mfuko wa mshikamano. Franka zote zilikuwapo. Hakuna hata noti moja iliyopungua. Hapo ndipo mama yule alikaa chini, akalia.

Aliomba aondolewe kazi ya kutunza ufunguo. Mwenyekiti akauliza kundi, kisha akajibu maneno ambayo ninayaandika hapa ili tuyakumbuke: "Kupoteza ni kosa. Kuficha kungekuwa kosa lingine. Mama huyu hakuficha." Akabaki mtunza ufunguo hadi siku ya kugawana, na siku hiyo ikafika kwa wakati wake.

Sasa, mama mwenye akili atauliza: kama fundi amepata ufunguo mpya, kadena ile irudi kwenye sanduku? Hapana. Ufunguo wa kwanza haujaonekana hadi leo, na ule wa Kolwezi nao haujulikani uko wapi. Kundi lilinunua kadena mpya kwa sanduku. Ile ya zamani, pamoja na ufunguo wake mpya, inafunga stoo ya makala ya mama mwenyekiti. Sanduku limepona bila kukatwa, na kadena nayo haikutupwa.

Na jambo lingine lilitusumbua wengi: kama fundi anaweza, mwizi je? Ni kweli, mwenye ujuzi na wakati anaweza. Ndiyo maana kadena haikai peke yake. Kadena inamchelewesha mtu. Anayelinda kweli ni mama anayelala na sanduku, hesabu inayosomwa kwa sauti, na macho ya kundi zima. Tena kazi hii ilichukua zaidi ya saa moja chini ya mwangaza mzuri. Mwizi hana saa hiyo katika parsele yenye watu.

Kabla ya kuondoka, fundi aliweka mezani funguo zote mbili, uliofaulu na ulioharibika, akamkabidhi mwenyekiti. "Ule ulioharibika nao unakaribia kufungua," alisema. "Msiniachie."

Wamama, haya ndiyo ya kufanya katika kundi letu juma hili:

Hesabuni funguo zote za kadena za sanduku, pamoja na za akiba. Andikeni katika kitabu ni ngapi na ziko kwa nani. Mtu akihama, arudishe ufunguo kabla ya kuaga.

Funguo za akiba zitieni ndani ya bahasha, viongozi watie sahihi juu ya gundi, na bahasha ikae kwa mtu wa kuaminika asiye wa kundi, mbali na sanduku.

Ufunguo usiandikwe jina la kundi wala namba ya nyumba. Mwenye kuuokota asijue unafungua nini.

Watunza funguo watatu wasitoke nyumba moja wala jamaa moja.

Kadena ikianza kuwa ngumu, hasa wakati wa kiangazi cha vumbi letu, msiimwagie mawese wala mafuta ya kupikia. Mafuta yanashika vumbi, na vijiti vinakwama. Kwangueni risasi ya kalamu ya kawaida, ingizeni unga ule kwa ncha ya ufunguo, zungusheni mara kadhaa.

Mkimwita fundi, mwiteni mbele ya mashahidi, na chukueni kila ufunguo aliochonga, hata ulioharibika. Mlipeni vizuri, maana aliyepona siku ile si sanduku tu.

Na ukipoteza ufunguo, mama, sema siku ileile. Usingoje siku tatu. Mama wa mboga mwenyewe ndiye aliyeniomba niandike neno hili la mwisho.

Tuonane juma lijalo.